Umemaliza anime, sasa manga uianzie wapi?

Neno lenyewe kwanza, maana huku Kigoma lina mwenyewe. Ukimwambia mzee wa Ujiji kwamba unasoma manga, atawaza pilipili manga, au Wamanga waliofika na misafara enzi za pembe za ndovu. Manga ya hapa ni vitabu vya hadithi za michoro vya Japani, ambamo anime nyingi, yaani katuni za video za huko, zimechukuliwa. Na anayemaliza kutazama, awe amejaziwa flashi pale Mwanga au amepakua mwenyewe usiku, hukwama kwenye swali moja: aanze sura ya kwanza, aendelee pale anime ilipokomea, au arudi mahali fulani katikati?

Cha kuangalia ni anime hiyo iliifanyia nini manga yake. Kuna anime iliyoifuata ukurasa kwa ukurasa, iliyoivuta kama chapati, iliyoichomekea mikasa ya kubuni, na iliyoiacha njiani ikashika njia yake. Ukishajua yako iko kundi gani, nambari ya sura inajileta.

Njia tatu na gharama yake

Kuanza sura ya kwanza ni kazi ya miezi. Sura moja ya jarida la kila wiki ina kurasa 17 hadi 19, na msomaji wa kawaida huimaliza kwa dakika 6 hadi 8. Ukisoma sura 10 kwa siku, saa moja na dakika chache, One Piece yenye sura zaidi ya 1,100 itakuchukua karibu miezi minne. Faida yake ni kwamba utaona vitu ambavyo anime ilivificha, ilivilainisha au ilivisogeza. Hasara ni uchovu: wengi huanza kwa kasi, wakifika sura ya 80 wanaacha, kwa sababu bado wanasoma wanayoyakumbuka.

Kuendelea pale anime ilipokomea ndiyo njia nyepesi, na wengi huichagua bila kufikiri. Inafaa ikiwa ulitazama hivi karibuni na anime ilikuwa mwaminifu. Mtu aliyetazama miaka mitatu iliyopita akiruka moja kwa moja kwenye sura mpya atakutana na majina matano asiyoyakumbuka ndani ya kurasa tatu. Hapo atadhani manga ni ngumu, kumbe kumbukumbu ndiyo imechakaa.

Njia ya tatu haizungumzwi sana, nasi ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa hadithi ndefu: kurudi mahali anime ilipoanza kuharibika, ukasome kuanzia hapo hata kama ulishatazama. Huanzi mwanzo, wala huruki kitu.

Iliyovutwa: One Piece

Manga ilianza Julai 1997 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, anime ikafuata Oktoba 1999. Anime ya kila wiki ina tatizo la hesabu. Mchoraji hutoa sura moja kwa wiki, na akiumwa au akipumzika hatoi. Studio ikitumia sura mbili kwa episodi moja, itamfikia mchoraji upesi na kukosa cha kuonyesha. Kuna namna mbili za kumkwepa: kuchomeka mikasa ya kubuni, au kupunguza mwendo. Toei Animation, kwa One Piece, walielemea mwendo.

Tazama namba. Sura 100 za mwanzo, zile za East Blue, ziliingia kwenye episodi 53 za kwanza, karibu sura mbili kwa episodi. Mkasa wa Dressrosa ni sura ya 700 hadi 801, yaani sura 102, nayo ilichukua episodi 118, kuanzia 629 hadi 746. Mkasa wa Wano ni sura ya 909 hadi 1057, jumla 149, kwa episodi karibu 196. Yaani episodi moja haikupata hata sura nzima, ikabidi sura ikatwe. Ndiyo sababu ya nyuso zinazoshangaa sekunde kumi, watu wanaokimbia kwenye korido ileile, na muhtasari wa wiki iliyopita unaokula dakika kadhaa baada ya wimbo.

Sasa linganisha kwa mfuko. Kusoma Dressrosa yote ni saa 12 hivi. Kuitazama, hata ukiruka nyimbo, ni saa 39. Kwa bando, sura moja hula takriban MB 8, kwa hiyo Dressrosa nzima haifiki GB 1. Episodi ya ubora wa 480p ikiwa na MB 120, episodi 118 ni kama GB 14. (Hizi MB hubadilika kwa programu na ubora, soma sura tatu, kisha angalia kwenye mipangilio ya simu imekula kiasi gani.)

Kwa hiyo aliyeishia Dressrosa kwa kuchoka, na wapo wengi, asirudi sura ya 1. Afungue sura ya 700 asome mpaka mbele. Atashangaa kugundua kwamba mkasa uliomchosha unakimbia. Aliyetazama mpaka mwisho wa Wano aanzie 1058, ndiko Egghead inakoanzia. Aliyemaliza Egghead aende 1126, arudi sura tano nyuma kwanza.

Lakini One Piece ni mojawapo ya chache ambazo sura ya kwanza ina hoja nzito, kama una subira. Manga inafungua na Luffy mdogo na Shanks. Anime ikaanza na Luffy kwenye pipa na Coby, ambayo ni sura ya 2, na kisa cha Shanks kikasogezwa hadi episodi ya 4. Zeff, yule mpishi wa mguu wa gongo: kwenye anime alikata mguu uliokuwa umenaswa ili amwokoe mtoto Sanji, kwenye manga aliula mwenyewe kwa njaa ili mtoto abaki na chakula. Hiyo tofauti si ndogo. Inabadilisha kila neno analosema Sanji kuhusu chakula baadaye.

Kuna pia hadithi za kurasa za mbele. Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, huchora kisa kidogo kwenye ukurasa wa kwanza wa sura, picha moja kila sura, mpaka kinakuwa safari kamili. Kisa cha Buggy kilipewa episodi ya 46 na 47, cha Coby na Helmeppo 68 na 69. Nyingine nyingi hazikupata bahati hiyo. Safari ya Enel mwezini inaanzia sura ya 428. Msomaji anayepitisha kidole haraka kwenye ukurasa wa kwanza huzikosa zote, halafu mhusika anaporudi sura 300 baadaye anauliza huyu katokea wapi.

Toei wenyewe walitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia 2026 anime itatoa episodi zisizozidi 26 kwa mwaka badala ya kila wiki. Kwa anayetazama ni habari njema, mwendo utakaza. Kwa anayesubiri, maana yake umbali kati ya anime na manga utazidi kukua, na aliyekuwa anasitasita kusoma ana sababu moja zaidi.

Zilizochomekewa: Naruto na Bleach

Hapa ugonjwa ni mwingine. Mwendo si mbaya sana, ila katikati kuna episodi za kujazia, fila kama vijana wanavyoziita, ambazo hazimo kwenye manga hata kidogo.

Naruto ya kwanza ina episodi 220. Kisa cha kumfuata Sasuke kinaisha 135. Kuanzia 136 mpaka 219 karibu zote ni fila, zaidi ya episodi 80. Shippuden, mwendelezo wake, ina 500, na fila zake zimetawanyika: 57 hadi 71, 91 hadi 111, 223 hadi 242, na nyingine nyingi katikati ya vita, ambako zinaumiza zaidi kwa sababu zinakata pambano lililoshika moto. Vita vyenyewe vinafungwa episodi ya 479. Manga yote ni sura 700, juzuu 72, ilikwisha Novemba 2014.

Kwa Naruto hatumshauri mtu aliyetazama yote aanze sura ya 1. Hadithi anaijua na mwisho ni uleule. Ila aliyeikatia tamaa kwenye vita vya Shippuden, huyo manga itamwokoa. Kosa la kawaida ni la hesabu: mtu anadhani episodi ya 1 ya Shippuden ni sura ya 221. Siyo. Shippuden inaanza sura ya 245. Sura za 239 hadi 244 ni kisa cha utoto wa Kakashi, mwalimu wa Naruto, ambacho anime ilikiweka mbali sana, Shippuden 119 na 120. Ukianzia 239 utakisoma mahali mchoraji alipokiweka, na Obito, rafiki yake Kakashi, atakukaa kichwani vizuri zaidi.

Bleach ni kinyume, nayo tunaitaja kwa sababu inavunja ile dhana kwamba manga siku zote ni bora. Anime ya kwanza, episodi 366, ilifika sura ya 479. Fila zake ndefu ni za Bount, 64 hadi 109. Ziruke bila huruma. Vita vya mwisho vinaanza sura ya 480 na kwenda hadi 686, sura ya mwisho mwaka 2016. Manga ilifunga kwa haraka, mapambano kadhaa yakakatwa au yakatokea nje ya ukurasa. Anime mpya iliyoanza Oktoba 2022 inayajaza yale mapengo, Tite Kubo, mchoraji mwenyewe, akishiriki, yakiwemo mapambano ya kale ya Gotei 13 ya mwanzo, jeshi la shinigami, dhidi ya adui mkuu Yhwach. Aliyeishia 366, ushauri wetu ni atazame vita kwanza, manga aisome baadaye kwa ajili ya michoro. Kubo anajua kuacha ukurasa mweupe, na hilo halitafsiriki kwenye video.

Dragon Ball tuigusie tu, kwa sababu Z ndiyo watu wengi waliikuta kwenye vibanda umiza. Manga haikugawanywa: ni sura 519 chini ya jina moja, na Z inaanzia sura ya 195. Zile dakika tano za Freeza kabla sayari ya Namek haijalipuka, ambazo kwenye anime hazikuwa na mwisho, kwenye karatasi zinapita upesi.

Zilizoacha njia

Kundi hili ndilo lenye mtego, kwa sababu sura ya kuendelea haipo. Tokyo Ghoul msimu wa pili ulipinda, kisha msimu uliofuata ukarudi kwenye manga kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukijaribu kuungia katikati utachanganyikiwa. Anza sura ya 1, soma zote 143, halafu sura 179 za Tokyo Ghoul:re, mwendelezo wake.

The Promised Neverland, msimu wa kwanza ni mzuri na unaishia sura ya 37. Msimu wa pili wa mwaka 2021 uliruka mikasa mizima, ukiwemo wa Goldy Pond ambao wasomaji wengi wanauhesabu kuwa kilele cha hadithi. Usahau kabisa, anza sura ya 38 kana kwamba msimu wa pili haukutengenezwa.

Fullmetal Alchemist: uliza kwanza ulitazama ipi. Faili za kwenye flashi mara nyingi huandikwa jina moja tu. Kama ina episodi 51 ni ya 2003, iliyobuni mwisho wake, na manga utaikuta tofauti kabisa, anza mwanzo. Kama ina 64 ni ya 2009, nayo imeifuata manga hadi mwisho. Hapo kusoma ni anasa tu.

Hunter x Hunter

Hii ina maelezo mafupi lakini watu huikosea. Anime ya 2011, episodi 148, inaishia sura ya 339. Sura ya 340 ndiyo ya kwanza ya bara jipya, na imo mwishoni mwa juzuu ya 32. Anayenunua juzuu ya 33 akidhani ndiyo mwanzo atakuwa ameruka sura moja, tena muhimu. Jiandae: baada ya hapo manga inajaa maneno, wana wa mfalme 14 kwenye meli moja, walinzi wao, na kanuni za nguvu zinazochukua nusu ukurasa. Kwenye kioo kidogo cha simu inachosha macho. Daftari la majina si aibu. Na manga hii hukaa miezi, hata miaka, bila sura mpya, kwa hiyo usijiharakishe kufika mwisho.

Kuipata sura yako

Andika nambari ya episodi ya mwisho uliyotazama na tukio la mwisho unalolikumbuka, kwa sababu nambari peke yake hudanganya: faili nyingi zimegawanywa kwa misimu, na mgawanyo wa misimu hutofautiana kwa kila aliyeziweka. Nenda kwenye ensaiklopidia ya mashabiki ya hadithi hiyo, fungua ukurasa wa episodi, tafuta sehemu inayosema imetoka sura zipi. Usishuke chini, maana huko ndiko utamu unakoharibiwa. Sanduku la juu linatosha. Fungua sura hiyo, soma kurasa tatu za mwisho. Zikifanana na tukio lako, rudi sura tano nyuma uanzie hapo. Kama ulitazama zaidi ya mwaka mmoja uliopita, rudi kumi.

Usichanganye sura na juzuu. Juzuu ya One Piece kwa kawaida hubeba sura tisa hadi kumi na moja, kwa hiyo mtu akikwambia "anza 91", uliza 91 ya nini.

Kusoma kwenyewe

Aliyepita madrasa ya Ujiji hana shida hapa: manga inasomwa kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Anza kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, shuka, rudi kulia. Viputo vya maneno ndani ya kisanduku navyo hufuata hivyo hivyo. Dalili ya kukosea ni mazungumzo yanayojibiwa kabla ya kuulizwa. Kwenye programu hakikisha mpangilio wa kurasa ni wa kulia kwenda kushoto. Ule wa kushuka chini ni rahisi kwa kidole, lakini hukata picha za kurasa mbili, na hizo ndizo mchoraji alizozitolea jasho. Ukifika kwenye picha kama hiyo, laza simu.

Nafasi nyeusi kati ya visanduku mara nyingi ni kumbukumbu ya zamani. Kwenye anime ungeonyeshwa kwa rangi au muziki. Asiyejua hili husoma kisa cha miaka ishirini nyuma akidhani ni sasa.

Kwa programu, MANGA Plus ya Shueisha ilizinduliwa 2019 na inapatikana Tanzania. Hutoa bure sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni, na kwenye simu hadithi nyingi unaweza kusoma kila sura mara moja bila malipo. Mara ya pili inahitaji kulipia. Maana yake usifungue sura ukiwa na usingizi. Kiswahili hakimo. Kuna Kiingereza, Kihispania na nyingine, pamoja na Kifaransa, ambacho waliosomea Burundi au Kongo watakifurahia, ingawa hadithi zake ni chache kuliko za Kiingereza. Juzuu za karatasi huuzwa Marekani kama dola 10 hadi 12 moja kabla ya usafirishaji, kwa hiyo kununua seti nzima ya One Piece, zaidi ya juzuu 110, ni mtaji wa duka. Nunua mkasa unaoupenda tu.

Tafsiri rasmi ya Kiingereza ya One Piece inamwita Zoro "Zolo", na nguvu ya Luffy ya Gomu Gomu inakuwa Gum-Gum. Si kosa la simu yako wala mhusika mpya.

Unayepanga kusoma kwenye treni ya Tabora hadi Kigoma usitegemee mtandao baada ya Kaliua. Tumia juzuu za kidijitali unazoweza kuzihifadhi kwenye simu, na uzijaribu kabla hujapanda: zima data, funga programu, ifungue tena, nenda ukurasa wa mwisho wa kila juzuu. Ikizunguka bila kufunguka, haijashuka yote, hata kama alama ya tiki ipo.